Tumechoka Kufuta Vumbi la Wenye Nyumba

Katika mtaa wetu nyumba haipimwi, anapimwa mtoto. Mtoto akikutwa na madini ya risasi kwenye damu, ndipo jiji linagutuka, mkaguzi anakuja na mashine yake, na mwenye nyumba anakumbuka kwamba ana nyumba. Kabla ya hapo dirisha linaweza kumwaga magamba kama samaki anayeparuliwa na hakuna mwenye wajibu wa kuuliza. Hilo ndilo linalotukera, na yote yanayofuata hapa yanatokana nalo.

Sisi ni wapangaji wa zile nyumba za mbao za ghorofa tatu, familia moja kila ghorofa, ambazo miji ya viwanda ya New England ilizijenga kwa wingi kati ya miaka ya 1880 na 1930 kwa ajili ya wafanyakazi wake. Viwanda vya nguo na viatu vilikwisha, nyumba zikabaki. Walipita humo Wafaransa wa Kanada, Waairishi, Wapolandi, watu wa Puerto Rico. Sasa tumo sisi: watu wa Uvira na Fizi, wa Bujumbura, wa Kigoma, mmoja wawili wa Mombasa, wengi wetu kupitia kambi za Nyarugusu na Kakuma. Ngazini kwetu kunasemwa Kiswahili. Mchana tunalala kwa sababu usiku tuko zamu, kwenye maghala, kwenye nyumba za kulelea wazee, kwenye viwanda vya samaki. Kodi inalipwa tarehe mosi, tena kabla ya chakula.

Siku ya kusaini mkataba tuliwekewa mezani rundo la karatasi. Keswoka, yule mfanyakazi wa shirika lililotupokea, alikuwa na haraka, ana familia nyingine uwanja wa ndege. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti inakatika. Mojawapo ya karatasi hizo ni ya risasi. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1992, na iliyoanza kuwabana wenye nyumba mwaka 1996, inasema anayepangisha nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 sharti amweleze mpangaji anachokijua kuhusu rangi ya risasi iliyomo, na ampe kijitabu cha kujikinga. Ujanja wote umelala hapo. Asiyepima hajui, na asiyejua hana la kueleza. Kwa hiyo mwenye nyumba mwerevu hapimi. Anatia alama kwenye kisanduku cha kusema hana habari yoyote, anasaini, nasi tunasaini chini yake, na serikali inahesabu kwamba tumeonywa. Nyumba ya mwaka 1910! Wakala wa Mazingira wa Marekani wenyewe unakadiria kwamba nyumba 87 katika kila 100 zilizojengwa kabla ya 1940 zina rangi hiyo. Bwana mwenye nyumba ana majengo kadhaa ya umri huo mtaa mmoja, na bado hana habari.

Kijitabu tulipewa cha Kiingereza. Kuna nyumba ambayo hadi leo kinashikilia mguu wa meza usiyumbe, na kazi hiyo kinaifanya vizuri.

Hapa tueleze dirisha, maana watu wanaotuuliza mbona tunawaacha watoto wale rangi hawajawahi kukaa karibu na dirisha la namna hii. Halifunguki kwa bawaba. Linapandishwa na kushushwa, ubao ukiteleza ndani ya mfereji wa ubao, na pande zote mbili zimepakwa rangi juu ya rangi, tabaka za karibu miaka mia. Ukilipandisha kupata hewa mwezi wa Julai, unasaga rangi. Ukilishusha mvua inapokuja, unasaga tena. Unga wake ni laini kuliko unga wa muhogo, jicho haliuoni, na unatua kwenye kizingiti cha dirisha. Kizingiti hicho kiko sawasawa na kinywa cha mtoto wa mwaka mmoja anayejifunza kusimama. Anakishika kwa mikono miwili, anachungulia basi la shule linalowachukua kaka zake, meno yanamwasha, anakiuma. Ukimtoa hapo, vidole vyake vinaingia mdomoni kabla hujafika sinkini. Huyo ndiye mtoto anayesemwa kwamba amekula rangi. Hakula hata kipande. Ameishi tu kama watoto wanavyoishi.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa mwalimu wa hesabu Bukavu na sasa anapakia maboksi, alitukalisha akatupigia hesabu. Sheria inahesabu rangi kuwa ya risasi ikiwa na miligramu 1 kwa sentimita moja ya mraba. Chukua kipande cha ukubwa huo, kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho. Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Kiwango cha vumbi la sakafuni ambacho Wakala wa Mazingira ulikitangaza Oktoba 2024, cha nyumba iliyokwisha kusafishwa risasi, ni mikrogramu 5 kwa futi moja ya mraba. Gawanya. Ukucha mmoja ukisagika ukatawanyika unaifikisha sakafu ya futi za mraba 200 kwenye kiwango hicho. Sebule zetu hazina ukubwa huo. Tena hapo tumetumia kima cha chini kabisa. Ziko rangi za kabla ya 1940 ambazo nusu ya uzito wake, zikishakauka, ni risasi tupu. Mwalimu alipomaliza alifuta kalamu yake kwenye suruali, akaangalia suruali, akaenda kuibadilisha.

Sasa ije barua ya kipimo cha damu ya mtoto. Inafika na namba. Hapo zamani, miaka ya sitini, madaktari wa nchi hii walikuwa hawashtuki mpaka mtoto afike mikrogramu 60 kwa desilita moja ya damu. Mwaka 1991 mstari ukashushwa hadi 10, mwaka 2012 hadi 5, na tangu Oktoba 2021 ni 3.5. Kila walipochungulia tena walikuta madhara chini ya mstari wa jana, na sasa wanakiri hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto aliyekuwa na 4 mwaka 2019 mama yake aliambiwa asiwe na wasiwasi. Mtoto huyo leo yuko darasani, na mama yake anajua kwamba leo angepigiwa simu. Amdai nani msamaha wa maneno yale?

Na mtoto haumwi. Hilo ndilo linatuvuruga kichwa kuliko yote, kwa sababu sisi tunajua homa, tunajua malaria, tunajua kuharisha. Tunajua mtoto mgonjwa anavyolegea. Huyu anacheza, anakula ugali wake, anakimbia ngazini akipiga kelele. Risasi inajifanya kalsiamu, mwili unaipokea kama chakula cha mifupa, inakaa humo miaka na miaka. Katika damu inapungua baada ya mwezi au zaidi kidogo ikiwa haiongezwi nyingine, lakini kilichofanyika kwenye ubongo unaojijenga hakifutiki kwa dekio. Dawa ya kuitoa mwilini wanampa mtoto aliyefika karibu 45. Aliye na 8, aliye na 12, ambao ndio wengi wetu, anapewa ushauri.

Miaka minne baadaye mwalimu anaita mzazi. Mtoto hatulii, hakumbuki alichosoma asubuhi, maneno yanamchelewa. Shule inasema ni lugha, nyumbani mnasema Kiswahili na Kibembe, mpeni muda. Kliniki inasema inaweza kuwa risasi, inaweza isiwe, haiwezekani kujua kwa mtoto mmoja. Mwenye nyumba anasema ni malezi. Kila mmoja amejikinga kwa jibu lake, na mzazi anarudi nyumbani kwa basi akiwa amebeba majibu yote matatu.

Kwa mwenye kutaka kujua habari hii ilianza kujulikana lini: mwaka 1904 daktari wa macho wa Brisbane, Australia, John Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto wa mji wake walikuwa wakipata sumu kwa rangi za kuta na za vibaraza vya nyumba zao. 1904. Nyumba nyingi tunazokaa zilikuwa hazijajengwa. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, na Marekani hadi leo haijauridhia. Katika miaka hiyohiyo ya ishirini kampuni ya National Lead ilikuwa ikiuza rangi yake kwa picha ya mvulana mdogo aliyeshika burashi, na ikagawa vitabu vya watoto vya kupaka rangi. Jiji la Baltimore lilipiga marufuku rangi hiyo ndani ya nyumba mwaka 1951. Nchi nzima ilingoja hadi 1978. Kwa hiyo tukisikia mtu wa halmashauri akisema tatizo hili ni gumu na jipya kwa jamii za wageni, tunaangaliana.

Waliouza walishtakiwa mahakamani. Kule Rhode Island jopo la raia liliwatia hatiani watengenezaji mwaka 2006, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaifuta hukumu. California ilipigana karibu miaka ishirini mpaka kampuni tatu zikakubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 305. Huku kwetu gharama imeshuka ngazi moja moja: kutoka kwa muuza rangi, kwa mwenye nyumba, kwa mpangaji, hadi kwa mama mwenye ndoo.

Jirani yetu wa Mombasa aliposikia habari hizi alikumbuka Owino Uhuru, ule mtaa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga risasi juu ya watu, na ambao Mahakama ya Juu ya Kenya iliurudishia fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Desemba 2024. "Wale angalau walikuwa na bomba la moshi la kunyooshea kidole," alisema. "Mimi ninyooshee nini? Dirisha?"

Kuna habari ambayo kila familia mpya inasimuliwa, na tunaisimulia kwa sauti ya chini kwa sababu watoto wanasikiliza. Mwaka 2000, Manchester, New Hampshire, mtoto wa miaka miwili wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan alikufa wiki chache tu baada ya kufika. Alianza kama mtoto yeyote mwenye homa na kutapika. Damu yake ilipopimwa ilikuwa na mikrogramu 392. Ilikuwa imepita kama miaka kumi bila kuripotiwa kifo cha mtoto cha namna hiyo Marekani. Msimamizi wa jengo alihukumiwa kifungo, kwa udanganyifu kuhusu karatasi ile ya kuwaonya wapangaji. Ndiyo, karatasi ileile ya visanduku.

Baada ya hapo ukatolewa mwongozo kwamba watoto wetu wapimwe wanapofika, na wadogo wapimwe tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Kwa nini mara ya pili? Kwa sababu New Hampshire ilipofuatilia watoto wakimbizi miaka ya 2003 na 2004, iliwakuta watoto kutoka Afrika ambao kipimo cha kwanza kilikuwa chini na cha pili kimepanda. Hawakuja nayo. Waliikuta sebuleni. Na walio na upungufu wa chuma na kalsiamu, kama watoto wengi waliolelewa kwa mgao wa kambini, mwili wao unainyonya kwa pupa zaidi. Inawezekana kabisa mtoto akatoka kwenye nyumba ya tope ya Nyarugusu, isiyo na rangi hata tone, akiwa safi, akaja kuchafukia kwenye nchi iliyomwokoa. Sisi hatukusema nchi hii haina wema. Tunasema wema huo ungeanza kwa kupima nyumba kabla ya kutukabidhi ufunguo.

Muuguzi anayekuja nyumbani, dada mpole kweli, anaanza na jikoni. Sufuria hizi mmezitoa wapi? Wanja mnapaka? Kuna mjamzito anayekula udongo? Manjano mnanunua wapi? Tukubali kwamba maswali yale si ya kijinga. Sufuria za kuyeyushwa kwa vyuma chakavu zimewahi kukutwa zikitoa risasi kwenye chakula, wanja wa aina fulani ni risasi yenyewe, na udongo wa kula si salama hata kama bibi aliula akazaa kumi. Tumeyasikia na tumeyatii. Mama wa ghorofa ya pili alitupa sufuria mbili alizozibeba kutoka Kigoma, moja ni ya marehemu mama yake. Kipimo kilichofuata hakikushuka hata nukta. Dirisha lilikuwa palepale. Kinachoudhi ni kwamba swali la dirisha liko ukurasa wa mwisho wa fomu yake, na akilifikia saa yake imekwisha, ana nyumba nyingine.

Kisha tunafundishwa kufuta. Futa vizingiti kwa kitambaa kibichi kila wiki. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia, badilisha maji kila chumba. Usikung'ute. Usifagie, ufagio unarusha vumbi. Hili la mwisho lilizua ghasia kwenye ukumbi wa semina. "Nyumba isiyofagiliwa ni nyumba ya nani?" aliuliza bibi mmoja wa Fizi, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Viatu tuvue mlangoni. Hapo angalau tulicheka, kwa kuwa sisi viatu tumekuwa tukivua tangu kuzaliwa, ni wakaguzi wao wanaoingia navyo. Mikono ya mtoto ioshwe kabla ya kula na kabla ya kulala. Apewe maharage, dagaa, maziwa, machungwa. Yote mazuri. Tunayafanya.

Ila ukweli ni huu: watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima upya, wamekuta kwamba kumwelimisha mzazi na kupambana na vumbi kwa dekio hakushushi risasi katika damu ya watoto kwa kiasi cha maana. Ndoo haishindani na dirisha. Unafuta Jumamosi, Jumapili unafungua kupata hewa, Jumatatu uko ulipokuwa. Lakini semina za kufuta zinaendelea, na kila semina ina picha za kupigwa na cheti mwishoni. Tuna vyeti. Mama mmoja anavyo vitatu na mtoto wake ana 11.

Mwenye nyumba naye akibanwa anapaka rangi mpya. Anamleta mtu Ijumaa jioni, mtu anapaka juu ya magamba, hakwangui, hafunikii, Jumatatu dirisha limegandana na fremu. Ukilibandua linatoka na tabaka zote. Au basi anakwangua, tena kwa msasa mkavu, kibarazani, upepo ukivuma kuelekea chekechea. Tangu Aprili 2010 sheria inataka anayekarabati kwa malipo nyumba ya kabla ya 1978 awe na cheti, atandaze plastiki, alowanishe anapokwangua, asafishe hadi mwisho. Aliyeiona plastiki hiyo mtaani kwetu anyooshe mkono.

Na hapa tuseme la aibu kidogo, maana wakwanguaji wenyewe ni nani? Ni baba zetu na wadogo zetu. Wanachukuliwa pembeni mwa duka la vifaa asubuhi, wanalipwa taslimu, hawapewi barakoa wala maelezo. Wanarudi jioni nywele nyeupe, mtoto anawakimbilia mlangoni na kukumbatia miguu. Tumeanza kuwaambia wavue nguo ngazini kabla ya kugusa mtoto. Fikiria mzee wa miaka hamsini, aliyekuwa diwani kwao, anavua suruali ngazini mbele ya wakwe.

Ukilalamika kwa nguvu unakuja mtihani mwingine. Mkataba ni wa mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba hasemi anakufukuza kwa ajili ya risasi, hata kidogo. Anasema anataka kumwekea binti yake nyumba, au kodi inapanda. Wenzetu wa Massachusetts wana sheria kali tangu 1971: nyumba ya zamani anamokaa mtoto wa chini ya miaka sita sharti isafishwe risasi. Tuliwaonea wivu mpaka walipotueleza kinachotokea. Unapiga simu, nyumba ipo. Mtoto analia nyuma yako, wakala anauliza ana umri gani, unasema miaka miwili, nyumba imeshachukuliwa. Kubagua familia kwa sababu ya mtoto ni kosa kisheria. Lakini nani anakwenda mahakamani huku ana mabegi ngazini na amana aliyoikopa kwa shemeji?

Mwaka 2025 tuliona jingine. Jiji la Milwaukee lilikuta rangi ya risasi inabanduka kwenye shule zake za zamani, baadhi zikafungwa, jiji likaomba msaada wa wataalamu wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa. Mwezi Aprili jibu likaja kwamba msaada hautakuwepo, kwa kuwa wataalamu wa kitengo cha risasi kwa watoto walikuwa wamepunguzwa kazi. Sisi tulizoea kuambiwa ofisi imefungwa, njoo Jumatatu. Hatukuzoea kuambiwa hivyo kwa niaba ya mji mzima wa Marekani.

Kwa hiyo msituulize tunataka nini kana kwamba tunaomba mwezi. Tunataka kilichofanywa Rochester, jimbo la New York. Mji wa nyumba kuukuu kama wetu, maskini kama wetu, wenye Wakongo na Wasomali kama sisi. Mwishoni mwa 2005 halmashauri yake ilipitisha sheria ndogo, ikaanza kazi katikati ya 2006: nyumba ya kupanga haipati cheti cha kukaliwa mpaka ikaguliwe kama rangi inabanduka, na kwenye mitaa yenye hatari zaidi hata isiyobanduka inafutwa vumbi na kupelekwa maabara. Mwenye nyumba hangoji mtoto augue, wala haulizwi anajua au hajui. Wakaguzi wanakwenda kwa zamu, nyumba kwa nyumba, mwenye nacho na asiye nacho. Idadi ya watoto wenye kiwango cha juu cha risasi imeshuka sana tangu hapo. Wenye nyumba walisema biashara itakufa, watu watalala nje, majengo yatatelekezwa. Rochester ipo, inapangishwa, na wenye nyumba wake bado wanalalamika kama wa kwetu, ambayo ni dalili ya afya.

Tumelipeleka hili kwa halmashauri ya jiji letu. Tulijibiwa kwamba hakuna wakaguzi wa kutosha. Kweli hawatoshi. Lakini mkaguzi huyohuyo asiyetosha anapatikana kila mtoto anapopatikana na namba mbaya, anakuja na ile mashine ya eksirei ya mkononi, anaigusisha kwenye fremu, namba inatoka kwa sekunde. Sekunde, jamani. Mashine ipo, mtu wa kuishika yupo, dirisha limekuwepo tangu 1910. Kinachopangwa vibaya ni foleni: mtoto kawekwa mbele ya dirisha.

Tulijibiwa pia kwamba kuna ruzuku za serikali za kusaidia kubadilisha madirisha, na ni kweli zipo, ila mwombaji ni mwenye nyumba. Mpangaji anaweza tu kumwomba aombe. Wa kwetu tulimpelekea fomu ikiwa imejazwa nusu, kwa mwandiko mzuri wa binti wa sekondari. Akasema ataiangalia. Baadaye tuliiona kwenye dashibodi ya gari lake, imepauka kwa jua.

Kikao cha halmashauri cha kusikiliza wananchi kitafanyika Jumanne saa kumi na mbili na nusu jioni, muda ambao nusu yetu tunaingia kazini na nusu tunatoka. Kila msemaji amepewa dakika tatu. Tumeuliza kama muda wa mkalimani unahesabiwa, tukaambiwa unahesabiwa, kwa hiyo ni dakika moja na nusu. Tumegawana. Mwalimu atasema hesabu ya ukucha na hatasema jingine, ameapa. Mama wa ghorofa ya pili atasema habari ya sufuria na kipimo kisichoshuka. Bibi wa Fizi ameomba asemee ufagio. Tumemsihi awe wa mwisho. Mtu mmoja asome orodha ya anwani za nyumba ambazo mtoto zaidi ya mmoja, kwa wapangaji waliofuatana, amekutwa na risasi, bila kutaja jina la mtoto wala la mama. Asiyekuwa na zamu aje hata kama hasemi, viti vikijaa wanaona. Na anayeweza kubaki na watoto jioni hiyo ajitokeze mapema, tumeshaambiwa ukumbini hakuna mahali pao. Ila wasiachwe nyumba ya pembeni, pale madirisha yamefunguliwa wiki nzima.